Kimya cha Bendi ya Kvernhaug

Halvard Skogmo simpendi, na siku hizi sijisumbui kuficha. Yeye ni meya wa Strømvik, mji mdogo unaojiona mkubwa kwa sababu mfalme mmoja wa zamani aliupa hadhi ya mji. Mimi ndiye niliyemfundisha kupiga tarumbeta katika shule ya Kvernhaug, enzi zile kamasi zinamtiririka.

Shule hiyohiyo ndiyo aliyotaka kuifunga. Kvernhaug ilijengwa na wauza samaki wakati hata kanisa halijaezekwa, na mji ulipoungua watu waliijenga upya shule kabla ya nyumba zao. Halvard anayajua hayo, huyahubiri kila sherehe. Hata hivyo baraza lake likaamua watoto wapelekwe shule mpya kule juu, penye barabara kuu, jengo lenye sura ya ghala la matairi. Wazazi wakaweka pingamizi, kura ya mwisho ikapangwa wiki moja baada ya Siku ya Katiba. Diwani Oddny Brekke alikuwa anayumba, na kura yake ingetosha kutuokoa.

Kwa kiburi chao Halvard na baraza lake walisahau kwamba bendi pekee ya mji ni ya watoto wa Kvernhaug. Kila mwaka mwezi wa Mei, Siku ya Katiba, shule zote huandamana na bendera hadi ukumbi wa mji. Meya husimama kwenye ngazi na mkufu wake wa cheo, bendi hupiga wimbo wa taifa, ndipo anahutubia. Bila bendi ni watu wanatembea tu.

Tukakubaliana, mimi, wazazi na watoto wenyewe: tutafika mbele ya ngazi, na hatutapiga.

Tukafika. Nikainua mkono, nikaushusha. Kimya. Watoto wameshika vyombo vifuani, watu na aiskrimu zao wanatazamana. Oddny aliinamia viatu vyake. Halvard akawa mwekundu hadi masikioni, nami nilifurahi, tena sana.

Akashuka, akanisogelea hadi nikanusa kahawa yake.

"Mwalimu Ragna, waambie wapige."

"Waambie wewe. Si ulisema gazetini kwamba watoto wote wa mji ni wako?"

"Unawatumia watoto, mwalimu. Huoni aibu?"

"Na wewe unawahamisha kama viti. Rudi kwenye ngazi yako."

Hakurudi. Alimgeukia Tiril, msichana wa mstari wa mbele, akamwomba tarumbeta kwa sauti ya upole. Tiril akanitazama, kisha akampa, kwa sababu nimewafundisha kuwaheshimu wakubwa.

Akapiga. Wimbo mzima, bila kukosea, na ile pumzi ndefu kabla ya mstari wa mwisho ambayo nilimhangaisha nayo miaka mingi hadi ikamkaa. Wanaume wakavua kofia. Watu wakaimba, na watoto wangu nao wakaimba, maana nani atanyamaza wimbo huo ukipigwa vile? Nilipomtafuta Oddny, alikuwa anafuta machozi huku akimtazama Halvard.

Halafu Halvard akahutubia, akaisifu Kvernhaug iliyomlea. Makofi yakavuma. Alipomrudishia Tiril tarumbeta aliniinamia sikioni.

"Nimepiga vizuri, mwalimu?"

"Vizuri," nikasema, kwa sababu sijawahi kumdanganya mwanafunzi.

"Basi jipongeze."

Wiki iliyofuata Oddny aliinua mkono upande wa Halvard, na Kvernhaug ikafungwa. Mimi nikastaafishwa. Shule mpya haina mwalimu wa muziki, wala chumba cha kufanyia mazoezi, na vyombo vyetu vimefungiwa stoo ya manispaa.

Mwaka huu maandamano yalifika kwenye ngazi bila bendi. Halvard akatoa tarumbeta yake mwenyewe na kupiga peke yake, na nyuma yangu mama mmoja akamwambia mwenzake kwamba mji huu una bahati ya kuwa na meya kama yule.