Uzi Uliopita Chini ya Kabati

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo, kwa wenye vyeo na wenye kujipachika vyeo, kwamba hii ni taarifa kamili, ya haki, isiyompendelea mtu, iliyoandikwa na msimulizi asiyehusika hata kidogo. Taarifa yenyewe inaanzia chini ya birika la chai.

Chini ya birika hilo, katika ofisi ya shirika moja la hisani, kulikuwa na kikaratasi chenye nywila ya kompyuta ya wafadhili. Nywila ilikuwa ya mtunza kumbukumbu, mama mmoja mpole anayependa kila kitu kiwe mahali pake. Wenzake walipewa nywila zao wakazisahau, Mkurugenzi akiwa wa kwanza. Kwa hiyo kila aliyetaka kubadilisha kitu aliinua birika. Kompyuta nayo, kwa kuwa haina macho, iliandika kila badiliko kwa jina la mtunza kumbukumbu, hata wiki ile aliyolazwa akitolewa kidole tumbo.

Jumatatu saa nne alikuja bibi mmoja, fundi cherehani mstaafu. Alikuwa amelipatia shirika vyerehani kumi na viwili vya chuo cha wasichana viziwi. Chuoni havikufika.

"Mwanangu, hebu nitazamie," alisema. "Niliagiza viende wapi?"

Kwenye nafasi ya matakwa ya mfadhili paliandikwa: popote panapofaa.

"Mama, mimi mwenyewe niliandika chuo cha viziwi. Kuna aliyebadilisha," mtunza kumbukumbu alimjibu.

"Nani?"

Mtunza kumbukumbu akasogea karibu na skrini. "Kompyuta inasema mimi."

Fundi alimaliza maji aliyokaribishwa, akaaga, akasema atarudi Ijumaa kuonana na bodi.

Jumanne asubuhi nyuzi zilikuwa zimetoka. Zilianzia ubavuni mwa kompyuta, panapochomekwa waya, na kila uzi ulikwenda hadi kwenye kidole cha mwisho cha mtu aliyewahi kubadilisha kitu humo. Mkasi haukuzikata. Ukiuvuta uzi, kwenye skrini kilifunguka kile alichobadilisha mwenye kidole, pamoja na tarehe. Kufikia saa tano watu walishajifunza kuziruka wakienda chooni.

"Angalia mguu, umenikanyagia uzi," mhasibu alimwambia dereva.

"Samahani, mkubwa. Ila huyo mjomba wako uliyemwandika mfadhili wa heshima, alitoa nini hasa?"

"Alitoa moyo."

"Moyo nao mnaupokelea dirisha gani?"

Mkurugenzi alikuwa na uzi mwekundu, mnene kama kamba ya kiatu. Ulipita chini ya mlango wake ukapanda hadi mfukoni, alikouficha mkono. Mtunza kumbukumbu aliuvuta mara moja tu. Vikafunguka vyerehani kumi na viwili. Saa hiyo vilikuwa vikishona sare za shule katika karakana ya mke wa Mkurugenzi.

Ijumaa bodi ilikaa. Mwenyekiti aliuruka uzi mwekundu kwa uangalifu, akaketi, akasoma mashtaka mawili. La kwanza, matakwa ya fundi. La pili, barua arobaini za shukrani zilizokwenda kwa wafadhili zikiwa na cheo kipya cha Mkurugenzi: Msinziaji Mkuu. Yote mawili kwa jina la mtunza kumbukumbu.

"Mwenyekiti, ufuateni uzi," alisema mama yule.

"Uzi tunauona. Lakini kanuni zetu hazitaji uzi, zinataja jina."

"Na huo usinziaji?" Mkurugenzi alidakia. "Uzi wake uko wapi, mama? Tuonyeshe."

Mtunza kumbukumbu alitazama kabati la mafaili.

"Mnaona," Mkurugenzi alisema. "Aliyeweza hili, lile linamshinda nini?"

Alifukuzwa kabla ya saa sita. Alichukua kikombe chake na kandambili. Mlinzi alimsaidia kukunja nyuzi zake, mia kadhaa, nyeupe zote. Fundi aliinama, akaupima ule mwekundu kati ya vidole viwili.

"Uzi mzuri," alisema. "Hauchakai."

Akaenda zake mikono mitupu.

Taarifa ilitakiwa kuishia hapa. Lakini mwalimu wa zamu amesimama nyuma yangu dakika ya tano sasa, anatazama kidole changu.

Basi. Kulikuwa na uzi mmoja zaidi, wa zambarau. Ulipita chini ya kabati la mafaili, ukatoka dirishani, ukavuka barabara mbili na uwanja wa mpira, ukapanda ngazi za bweni letu. Mtunza kumbukumbu ni shangazi yangu. Likizo nilishinda ofisini kwake siku moja, nikachoka kukaa, nikainua birika.

Jumapili nilimpigia kwa simu ya shule.

"Shangazi, ni mimi."

"Najua. Niliuona Jumanne kabla hawajafika, nikausukumia chini ya kabati kwa mguu."

"Mbona hukusema?"

"Ili nawe ufukuzwe? Mmoja anatosha. Umekula?"

Sare za muhula huu zimefika, zimeshonwa vizuri, zinakaa mwilini. Shangazi bado yuko nyumbani. Nywila imebadilishwa, mpya iko chini ya birika. Kila nikigeuka kitandani uzi unavutika, na kule ofisini Msinziaji Mkuu anafunguka kwenye skrini. Mtunza kumbukumbu mpya anamfunga, anaendelea na kazi.

Mwalimu wa zamu anauliza nani alifanya hivyo. Ni mimi.