Vichupa vya Damu vya Nesi Tatu

Habari yenyewe ililetwa na jirani yangu Hadija nikiwa napepeta mchele. Nesi Tatu, ati, anakinga damu za watoto kwenye vichupa, anazipeleka Kibiti kuuza, na ndiyo maana kutibu anatibu bure. Nilimwambia aache upuuzi. Lakini kila nilipoinamia ungo nilikiona kichupa.

Haya nawaandikia kina mama wenzangu wa visiwani huku mtoni. Nimeishia darasa la saba, ila hili nalijua vizuri kwa kuwa limenipitia mimi.

Nesi Tatu ni mtoto wa Kiongoroni, kijiji kinachotazamana na chetu. Alipostaafu unesi alirudi kwao, akaomba chumba kilichokuwa stoo ya boriti za mikoko, akakipaka chokaa, akafungua kliniki ya bure. Siku ya ufunguzi aliomba watu wa kumsaidia, akapata wawili: Mwanamkuu, binti aliyemaliza kidato cha nne, wa kuandika majina, na Gharibu mwenye boti ya mashine, wa kuvusha wagonjwa. Sisi wa ng'ambo ya mto hatukuwepo siku hiyo.

Mwezi wa nne mwanangu Yasmini, wa miaka minne, akashikwa na homa. Nikampa panadol ya dukani. Siku ya pili nikampa tena. Baba yake, Mtoro, alikuwa dagoni, kwenye kambi ya wavuvi. Kliniki ilikuwa pale ng'ambo, hata bati lake naliona, na sikwenda. Siku ya tatu asubuhi macho yakamgeuka, mikono ikakakamaa. Degedege. Hadija akasema mtoto wa degedege hachomwi sindano, akichomwa tu anakufa. Nikamtazama Yasmini, nikaona kwamba hata asipochomwa anakufa. Nikambeba.

Maji yalikuwa yamekupwa, mtumbwi umekaa kwenye tope. Nilimlaza mtoto ndani, tukausukuma mimi na Hadija, tope magotini, hadi penye maji tukavuka. Alilalamika njia nzima, lakini alisukuma.

Tulipofika degedege lilikuwa limemwachia, kalegea kama nguo iliyolowa. Nesi Tatu alimlaza ubavu, akashika kisindano cha kutobolea kidole. Nikamdaka mkono.

"Dada, niambie kwanza. Hiyo damu unaipeleka wapi?"

Hakukasirika. Alimwita Gharibu dirishani, akamtaka arudie mbele yangu alichosema siku ya ufunguzi.

"Nilisema anaziuza Kibiti," Gharibu akasema, anakuna kichwa. "Si binamu yangu huyu? Nisipomsema mimi atasemwa na nani?"

Basi nikaelewa. Kwetu binamu ni mtani wako, atakusema hadharani, hata msibani, na watu watacheka. Waliokuwepo siku ile walicheka, wakaenda zao. Maneno yakapanda mtumbwi kuja kwetu, utani ukabaki ng'ambo.

Gharibu akatanguliza kidole chake mwenyewe. Tone moja tu, kwenye kipimo cha plastiki kisichozidi kidole gumba.

"Damu ya huyu hata mbu anaitema," Nesi akasema. "Nimuuzie nani?"

Nikamwachia mkono. Kipimo cha Yasmini kilitoa malaria, tena kali. Akachomwa sindano pajani, ile ile aliyoiogopa Hadija, na mtoto akaendelea kupumua. Nesi akaandika barua, Gharibu akawasha mashine, akatufikisha bara tukapata gari la kwenda hospitali. Siku ya nne ya kulazwa Yasmini aliomba samaki wa kuchoma, nikajua mwanangu karudi.

Sasa pale kliniki msaidizi wa tatu ni mimi. Kila Jumanne napima watoto uzito. Nesi aliponiomba nilikubali kwa sharti moja: Gharibu atobolewe kwanza mbele ya kina mama wote, ndipo atanie anavyotaka. Anasema vidole vyake vimekuwa chujio. Hadija naye huleta mjukuu wake, bado analalamika njia nzima. Mizani yangu siku hizi haipumziki.

Ya kuepuka ni haya:

Usimpe mtoto panadol ukadhani umemaliza. Akiwa na homa, apimwe siku hiyo hiyo.

Usimtie kitu mdomoni mtoto aliyekakamaa.

Usizuie sindano kwa sababu ya degedege.

Usingoje maji yajae. Tope linaoshwa.

Usingoje baba mtu arudi kutoka dagoni.

Usimpelekee maneno ya mtani mtu ambaye hakuwepo.

Usikae nyumbani na swali la kumuuliza nesi. Nenda kamuulize, hata ukiwa umemdaka mkono.