Tanga la Mumiani

Laurencia alipokubali kuigiza, hakuambiwa nani anakufa. Edwin, kijana aliyetoka Dar na kamera yake, alimkuta uani anatwanga kisamvu, akamwamkia vizuri, kisha akasema, "Mama, natengeneza picha ya mapigano. Mwishoni mtu mbaya anakufa. Nataka mama mtu mzima asimame juu ya maiti aseme neno moja tu. Wewe una uso wa kanisani." Laurencia akacheka. Tangu awe mjane hakuna aliyemsifia uso.

Basi asubuhi hiyo wakakusanyika pale Utende, ufukweni mwa kisiwa, kwenye tanuri la zamani la chokaa, lililolala baridi tangu hifadhi ya bahari ikataze watu kuchoma matumbawe. Wanawake wa mtaa walikuja na kanga zao za harusini. Bi Somoe, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa mbele, maana Bi Somoe hapitwi na jambo.

"Mama Matilda, leo mastaa! Mume wangu akiniona kwenye video atanifungia ndani kwa wivu."

"Mumeo haoni hata ugali ulio mbele yake," Laurencia akamjibu, "atakuona wewe kwenye video?"

Wakacheka mpaka wakashikana mikono. Ndipo mtu mbaya akatokea nyuma ya tanuri. Alikuwa Maliki, yule anayeendesha boti ya wageni wa kupiga mbizi. Wamempaka unga usoni, wamemtia meno mawili marefu ya plastiki. Mwilini amevaa koti jeupe la daktari. Mkononi kandili, begani sanduku la bati.

Kicheko cha Laurencia kikakatika.

Mumewe, marehemu Fortunatus, alikuwa mtu wa afya. Aliletwa kisiwani kupima matende. Na wadudu wa matende wana inda yao: mchana hujificha, usiku ndipo huingia kwenye damu ya mtu. Kwa hiyo Fortunatus alipita nyumba kwa nyumba usiku, koti jeupe mwilini, kandili mkononi, sanduku begani, akiwachoma watu vidole. Na anayechukua damu za watu usiku, pwani ana jina lake. Wakamwita mumiani. Wengine walisema anaiuza damu, wengine wakaapa kwamba anainywa. Alipokufa kwa homa, ndugu zake wako mbali bara, hakuna jirani aliyetia mguu. Kisiwani hapa hata mvuvi wa dago, aliyekuja kupiga kambi ya uvuvi tu na asiyejulikana kwao, huwekewa tanga, watu wakalala chini msibani, kisha tanga likaanuliwa kwa dua. Laurencia alikaa kwenye jamvi na binti yake Matilda na katekista, basi. Tanga ambalo halikuwekwa, utalianuaje?

"Mwanangu," alimwita Edwin, "huyu ni nani?"

"Mumiani, mama. Hadithi nimepewa na watu wa hapahapa. Ananyonya damu usiku. Mwisho wanakijiji wanamchoma na mkonjo, ule mkuki wa pweza. Akishakufa wewe unamtemea mate, unasema: 'Mumiani, ufe usizikwe!' Halafu akina mama, vigelegele."

Laurencia akawatazama wenzake. Bi Somoe alikuwa anaukagua upindo wa kanga yake kama anayeununua. Wote walijua. Asiyejua alikuwa Edwin peke yake.

Angeweza kwenda zake. Lakini akiondoka atawekwa mwingine, na neno lile litasemwa vilevile, lipelekwe kila banda la video, wajukuu zake walisikie. Na akibaki akalisema, atakuwa amemzika mumewe mara ya pili, na safari hii kwa kinywa chake mwenyewe. Akaishika rozari yake ndani ya kanga. Akabaki.

Mara ya kwanza Maliki alikufa vibaya. Alichomwa, juisi ya rozela ikamwagika kifuani kama damu, akaanguka kwenye majivu ya chokaa, na majivu yakamwingia puani. Akapiga chafya.

"Maiti gani huyu ana mafua?" Bi Somoe akasema, watu wakavunjika mbavu.

Edwin akanuna. Wakarudia.

Mara ya pili Maliki alikufa hasa. Alikoroma, akazitazama damu mikononi mwake kama mtu aliyeitwa ghafla na hajajiandaa, akaanguka. Kandili ikabingirika. Akalala chali, koti limeenea ubavuni, macho wazi yanalitazama jua.

"Mama, sasa! Mate!"

Laurencia akasogea. Kinywa kilikuwa kikavu. Aliyaona yale macho, na mkono wake ukakumbuka kazi yake. Akapiga magoti, akayafumba kwa kiganja, taratibu, kama alivyoyafumba mengine. Akavua kanga ya juu, akamfunika toka kichwani.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana," alisema.

Bi Somoe alishajaza pumzi ya kigelegele. Lakini maiti aliyefumbwa macho akafunikwa kanga hapigiwi kigelegele, ulimi ulikataa. Ukatoa kile ulichokizoea.

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun."

Na wenzake nyuma yake wakaitikia, wakavuta kanga vichwani, wakakaa chini majivuni, miguu wameinyoosha, kama wakaavyo msibani. Mmoja akaanza kulia, kilio cha kweli.

Chini ya kanga ikasikika sauti: "Jamani, mimi mzima."

"Nyamaza wewe, maiti!" Bi Somoe akamkemea, machozi yanamtiririka.

Edwin alikuja mbio. "Mama, sivyo! Huyu ni mbaya. Watu wanatakiwa wafurahi akifa."

"Wafurahi, mwanangu, sijawakataza. Ila huyu umemvisha koti la mume wangu. Na mume wangu hakunywa damu ya mtu."

Edwin akawatazama wale wanawake, akingoja hata mmoja acheke. Hakucheka mtu. Maliki alikuwa ameshaketi. Alitoa yale meno, akalivua koti kabla hajaambiwa, akalikung'uta majivu, akalikunja.

Alasiri Laurencia alikuwa anaunga kisamvu chake aliposikia hodi. Bi Somoe, jamvi kwapani, na nyuma yake wanawake wengine na sukari na majani ya chai. Bi Somoe hakungoja kigoda. Alitandika jamvi chini, akakaa, akainamisha kichwa.

"Pole na msiba, Mama Matilda."

Ilimjia kumwambia amechelewa. Miaka yote hii, ukuta kwa ukuta. Lakini jibu la pole ni moja tu, nalo hakuwahi kupewa nafasi ya kulitoa. Akaepua sufuria, akafuta mikono, akakaa nao chini.

"Nimeshapoa," alisema.