Mgeni wa Bibi Gati

Siku ya sita pale Machochwe, Bhoke alikuwa amechoka kuheshimiwa. Kila akinyanyuka anarudishwa kwenye kiti. Akishika ufagio ananyang'anywa. Watoto wa kijiji hicho kipya, ambako watu walihamishiwa mwaka jana tu wakaacha maboma yao, walimwita mzungu. Yeye ambaye Liverpool, alikozaliwa, haikupita wiki bila kuulizwa atarudi lini Afrika!

Baba yake, Simoni, Waingereza walimpeleka vitani, akaishia kuwa baharia, akaoa huko, akafa huko. Alimwachia bintiye Kiswahili cha kambini na jina. Bhoke alikuja kwa jambo moja: mama yake Simoni, Bibi Gati, amwambie kwamba yeye ni wa hapa. Bibi alimchinjia kuku, basi. "Ni mgeni wetu," aliwaambia majirani.

Athanas, balozi wa nyumba kumi, ndiye aliyemmaliza. Alikuja na daftari wakati Bibi yuko shambani, akataka kuona pasi.

"Mgeni anaondoka lini? Lazima niandike."

Swali lilelile! Lilimfuata mpaka huku? Bhoke alimwomba arudi jioni.

Kutulia akashindwa. Alizunguka nyumba, akatoka, akaingia tena. Jikoni akakuta kibuyu cheusi kinachonuka moshi na maziwa yaliyochacha. Afadhali, kazi! Akamwaga yote, akakisugua kwa sabuni na mchanga mpaka kikang'aa.

Bibi Gati aliporudi alikuta kuku wanadonoa maziwa ya mgando uani.

"Maziwa ya siku nne!" alipiga kelele. "Kibuyu nimekifukiza miaka kumi, wewe unakitia sabuni? Huna akili? Simoni alikufundisha nini huko?"

Athanas, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika na daftari lake, akaingilia kati. "Mama, msamehe. Huyu ni mgeni."

"Mgeni yupi?" Bibi alimgeukia. "Mgeni angemwaga ningenyamaza, hata ningecheka. Huyu ni mtoto wa Simoni, na atakamua ng'ombe mpaka hicho kibuyu kijae!"

Athanas akafunga daftari. Bhoke akaangua kilio cha furaha.

"Na usinililie hapa," Bibi akafoka. "Ng'ombe hao wanarudi. Nenda ukawafungulie zizi."