Kamati Yapiga Magoti

Banda la ndama la kijiji cha Mapambano, si mbali na stesheni ya Usoke, lilikuwa na sakafu ya saruji, na Mwenyekiti Kasimiri alikosa usingizi kwa fahari. Mifuko minane ya saruji, mwaka ule wa 1975! Wenzake walikuwa wakiitafuta kwa tochi. Yeye akaipata, akaimwaga, akailainisha kwa mkono wake mpaka ikang'aa, kisha akaagiza ioshwe asubuhi na jioni. Mgeni akifika kijijini alionyeshwa sakafu kwanza, ndama baadaye.

Ndama wenyewe alikabidhiwa mkewe, Pelagia. Walikuwa sita, wa maziwa, waliletwa kwa treni wakiwa wadogo hata kusimama ni kazi. Mdogo kuliko wote, Kidosho, Pelagia alimshusha behewani amemkumbatia kifuani, na tangu siku hiyo akampenda mapenzi ya kutia aibu. Sasa Kidosho anakohoa. Magoti yamemvimba, akisimama anateleza, akilala anatetemeka. Na Bwana Mifugo, Ndugu Raymundi, ameandika barua kutoka Tabora: atakuja Alhamisi, na akikuta hali ni ile ile, ndama wote sita atawahamishia kijiji kingine.

"Ni kipupwe tu hicho," alisema Kasimiri. "Julai ikiisha, kikohozi kitaisha."

"Ni sakafu yako, baba," alijibu Pelagia.

"Sakafu? Mama Veneranda, umeitazama vizuri sakafu ile?"

Basi hapo ndipo penye kisa chote. Wanaume wa kamati waliitazama sakafu wakiwa wamesimama, mikono nyuma. Pelagia aliijua kwa magoti. Kwao mwanamke akimsalimu mkubwa hupiga magoti, na wiki moja nyuma mzee Masolwa, mjumbe wa kamati, alimkuta bandani. Pelagia akashuka chini: "Shikamoo, baba." Mzee akaitikia, kisha akaanza kuuliza habari za nyumbani, za tumbaku, za mashemeji, za shangazi aliyeko Isikizya. Kuja kumaliza, kanga ya Pelagia imelowa chepechepe na baridi imempanda mpaka kiunoni. Akamtazama Kidosho, anayelala papo hapo kila siku, akatamani kulia.

Akaanza kuhangaika. Kwanza alimwaga pumba za mpunga. Ndama wakapiga chafya, kuku wa kijiji kizima wakahamia bandani kuchakura, na mmoja akataga kabisa. Pumba zikafagiwa. Jumanne akapanda treni mpaka Tabora, akaenda Kanyenye kwa Mabruki, fundi wa vitanda.

"Shikamoo, fundi. Nimekuja kuomba maranda."

"Marahaba, mama. Ya kuwashia moto?"

"Ya kulalia. Nina watoto sita."

Mabruki akaweka randa chini. "Sita! Na wote hawana kitanda?"

Alipoelezwa kuwa ni ndama, alicheka mpaka akajikalisha juu ya kitanda cha mteja. Akamjazia magunia manne bure, makavu, manene, huku akisukuma vumbi la msumeno kando kwa mguu. "Hili litawaziba pua. Na juu ya maranda weka kitu laini, mama. Hata kitanda changu bila godoro ni mbao tu."

Godoro lilikuwa shambani: majani makavu ya mpunga uliovunwa juzi. Jumatano Pelagia akatandika, maranda chini yanyonye mkojo, majani juu, mengi, mpaka ndama akilala miguu haionekani. Yalitosha nusu tu ya banda. Kidosho alizama humo, akashusha pumzi ndefu, akalala fofofo, na Pelagia akajikuta anacheka peke yake kwa furaha.

Alhamisi asubuhi Kasimiri akaingia na kamati nzima, watu watano. Akaona majani.

"Pelagia! Mgeni yuko njiani, wewe umeifunika sakafu? Toa takataka hizi, paoshwe!"

Pelagia alisimama mbele ya Kidosho. "Hayatoki mpaka mpige magoti."

"Nani apige magoti?"

"Kamati. Hapo kwenye saruji, mhesabu mpaka mia. Kisha mseme nitoe."

Mzee Masolwa akaanza kutikisika kwa kicheko. "Mimi nilimpigisha huyu magoti papa hapa mpaka nikamaliza ukoo mzima. Haki ni haki." Akashuka. "Yesu na Maria!" Wengine wakafuata mmoja mmoja, na Kasimiri, alipojiona amebaki amesimama peke yake, akashuka naye. Wakahesabu kwa sauti. Kufika arobaini nyuso zimeshakunjamana.

Walikuwa kwenye hamsini Ndugu Raymundi alipotokea mlangoni na suti yake iliyonyooka kwa pasi, faili kwapani, akakuta uongozi wote wa kijiji umepiga magoti kumwelekea.

"Inukeni, ndugu zangu!" akapiga kelele kwa hofu. "Mambo ya utemi tulishayafuta!"

"Bado hamsini," akajibu Masolwa akiuma meno. "Karibu, Bwana Mifugo."

Pelagia alicheka mpaka akashika nguzo, ndipo akaeleza. Ndugu Raymundi akaitazama sakafu. Akaweka faili, akavuta suruali juu kidogo, akapiga magoti na kuhesabu mia yake bila kuibia hata moja. Alipoinuka alikuwa na madoa mawili ya maji magotini. Akahamia kwenye majani bila kuambiwa. Akapiga magoti, akakaa, mwisho akajilaza kabisa karibu na Kidosho, akatega sikio kwenye mbavu zake. Kidosho akakohoa mara moja, kidogo, kisha akamlamba sikio.

"Kifua kinafunguka," akasema Ndugu Raymundi akiwa bado amelala. "Wanabaki. Lakini tandikeni banda zima. Na sakafu yako, Mwenyekiti, ni nzuri sana. Ikifunikwa."

Kamati ikaangua kicheko, Kasimiri naye. Pelagia, machozi yakimtoka, akashuka kupiga magoti amshukuru mgeni. Kabla hajafika chini, mumewe alimdaka kiwiko.

"Hapo pana baridi, Mama Veneranda," alisema kwa sauti ya chini. "Sogea huku kwenye majani."