Jina Mbele ya Namba 0417

Mwaka 1984, bwana mifugo Fanueli alipofika Iyula na mradi wake wa majaribio, Tabita alikuwa wa kwanza kumpeleka ng'ombe wake. Mjane yule alishika pembe mwenyewe wakati Fanueli akidunga sindano nene nyuma ya sikio na kuacha chini ya ngozi kidonge cha kioo. Alielezwa kwamba kidonge hakina betri, kimelala tu. Chombo cha kusomea kikisogezwa karibu, mawimbi yake ya redio hukiamsha, nacho hujibu kwa namba yake. Mwizi akikata sikio au akichoma chapa nyingine, namba haifutiki.

Miezi minne baadaye ng'ombe alitoweka malishoni. Tabita alimtafuta hadi mji wa Mlowo, hatimaye akamkuta Tunduma, kwenye zizi la mchuuzi wa mifugo aitwaye Makame. Makame alisema alimnunua kwa Anyosisye, ambaye ni shemeji yake Tabita. Ndipo Tabita alipotaka Fanueli aitwe.

Fanueli alikuja kesho yake, akapitisha chombo nyuma ya sikio. Namba ikatokea: 0417. Tabita akashusha pumzi. Fanueli akafungua daftari alimoandika kila namba na jina la mwenye ng'ombe, akaufuata mstari kwa kidole, kisha akasema ng'ombe ni wa Anyosisye.

Tabita aliomba daftari. Kisomo cha watu wazima alikuwa amekimaliza, akasoma mwenyewe: jina la shemeji yake, kwa mwandiko wa Fanueli. Fanueli alijitetea kwamba fomu ilitaka mkuu wa kaya, na kwa kuwa mume hayupo, aliandika mwanamume wa karibu.

"Kidonge kimesema namba tu, bwana mifugo," Tabita alisema. "Hakijui mwenye mali. Jina umeandika wewe, na pembe nilishika mimi, ukaniona."

"Mama, daftari halirekebishwi mpaka ofisi ya mkoa, Mbeya, waidhinishe."

Makame, aliyekuwa akisikiliza, alifungua zizi, akasema fedha zake atazidai mwenyewe kwa Anyosisye. Tabita akamfunga ng'ombe kamba, akaondoka bila kuaga.

Fanueli aliporudi Iyula kudunga ndama, wanawake hawakufungua mazizi mpaka kila mmoja aandike jina lake kwa mkono wake. Lakini mbele ya 0417 jina la Anyosisye lilikaa mwaka mzima likingoja Mbeya.