Gathii wa Kitale, Gathii wa Naitiri

Jiwe la kwanza lilimpata mjukuu wangu Gathii mdomoni, akatema jino ndani ya debe lake la maziwa. Mukhisa, jirani yetu aliyeibiwa ng'ombe wawili, akamkamata shati. Mkono mmoja simu, mwingine rungu.

"Si jina lako hili? Kesi tatu za wizi wa ng'ombe, Bungoma!"

"Mimi nauza maziwa hapa Kitale, bana! Sijawahi kulala Bungoma!"

"Basi leo utalala chini."

Rungu likatua kwenye kiwiko. Mfupa ulilia kama muwa mkavu.

Ukurasa ule wa mtandao aliousoma Mukhisa simuni aliutengeneza mjukuu wangu mwingine, Ciru, ili wanunuzi wajue ng'ombe ni wa nani. Alikuwa na orodha mbili: moja ya wafugaji, kila mmoja na ng'ombe wake ndani; nyingine ya washtakiwa, kila mmoja na kesi zake ndani. Programu yake ilisoma jina la mshtakiwa, ikatafuta linalofanana kwa wafugaji, na mfugaji wa kwanza kupatikana akamwagiwa kesi. Lakini kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake. Wanangu wawili walizaa kila mmoja Gathii wake, huyu wa Kitale na yule wa Naitiri, huko Bungoma.

"Shosho, nilipaswa kulinganisha namba za kitambulisho!" Ciru alilia kibarazani, kompyuta mapajani, vidole vikikosa herufi.

Tonny, shemeji yake Mukhisa, alikuwa amefika na petroli. Nikajilaza juu ya Gathii. Petroli ikanilowesha leso, baridi mpaka mgongoni.

"Kukhu, toka hapo," Mukhisa akaniambia, akiniita bibi kwa lugha yao, kwa heshima kabisa, njiti ya kiberiti ikiwa tayari kuwashwa vidoleni.

"Nichome na mimi."

"Fungueni ukurasa tena!" Ciru akapiga kelele. "Nimerekebisha!"

Mukhisa akatazama simu. Njiti ikamponyoka.

"Huyu hana kesi." Akanigeukia. "Pole, Kukhu."

Kisha akateremsha kidole. "Ziko kwa Gathii wa Naitiri."

Pikipiki nne zikanguruma kuelekea Naitiri, rungu bado lina damu.

Nikaichomoa simu mfukoni mwa Gathii, nikaipangusa kwa leso, nikampigia binamu yake wa Naitiri.

"Shosho! Habari ya Kitale?"

"Kimbia."

Hakuniuliza kwa nini.